Mpiga kafi mmoja kwenye Ruvuma ya chini: uchambuzi wa siku moja

Kisa ninachokichambua hapa kilitokea mwezi wa Agosti 2012 katika sehemu ya chini ya Mto Ruvuma, mkoani Mtwara, pale mto unapokaribia kuingia baharini. Mhusika ni mkazi wa Mtwara mjini, mwanamume wa makamo aliyekulia kando ya maji na aliyejua kupiga kafi tangu utotoni. Alikuwa akiteremka mto peke yake kwa mtumbwi wa gogo, akitokea sehemu za juu ya kijiji cha Kitaya, na siku hiyo ilikusudiwa kuwa ya mwisho. Alikuwa ameagana na rafiki yake kwamba wakutane saa kumi jioni kwenye kijiji kimoja karibu na mlango wa mto, ambako rafiki angemsubiri na pikipiki. Hakufika jioni ile. Alifika kesho yake asubuhi, mwenyewe mzima na mtumbwi mzima.

Kwa kuwa hakuna aliyeumia, kisa hiki hakikuandikwa mahali popote, nacho kingeweza kusahaulika. Mimi nakiona chenye manufaa kuliko visa vingi vya ajali, kwa sababu mhusika anakumbuka alichokiona na alichokiamua karibu kila saa ya siku ile, na alikubali kuulizwa mara kwa mara bila kukasirika. Nitamwita msafiri.

Wanaokisikia kwa mara ya kwanza huuliza upesi juu ya viboko, na msafiri akiwajibu kwamba aliwapita salama huona kama kisa kimekwisha. Maoni yangu ni tofauti. Asubuhi ile msafiri aliamua sawasawa karibu kila mahali, na kilichomfikisha mikokoni jioni, mahali pasipo pa kushukia, ni mpango wa siku ambao haukuwa na nafasi ya maamuzi yake mwenyewe yaliyo sahihi. Kila alipofanya jambo la busara alilipa kwa muda, na muda huo haukuwa umehesabiwa. Alipofika mahali ambapo busara ilimtaka asimame kabisa, alijiona hana tena cha kulipia.

Mto wenyewe

Ruvuma huanzia kwenye milima ya Matogoro karibu na Songea, hupokea maji mengi ya Lugenda kutoka upande wa Msumbiji jirani na Mtambaswala, lilipo Daraja la Umoja lililofunguliwa mwaka 2010, kisha huteremka kusini ya uwanda wa juu wa Makonde hadi Bahari ya Hindi. Urefu wake wote unakaribia kilomita 800. Mtu anayeutazama kutoka Newala, pale uwanda unapokatika ghafla na bonde kufunguka chini yake, huona mto mpana ambao wakati wa kiangazi huwa na mchanga mwingi kuliko maji. Upana huo ndio unaodanganya. Mwaka 1861 David Livingstone alijaribu kuupanda kwa meli ya Pioneer, maji yakapungua upesi akalazimika kurudi. Mwaka uliofuata alirejea na mashua, akafika mbali zaidi, hadi miamba ilipomzuia. Tangu hapo mto haukubadili tabia: mkondo mkuu hutangatanga kati ya mafungu ya mchanga, masika huyahamisha mafungu hayo, na anayeujua mto wa mwaka jana ana nusu tu ya habari za mwaka huu.

Mwezi wa Agosti mvua huwa zimekwisha miezi kadhaa, na maji yanaendelea kushuka kuelekea Septemba na Oktoba. Ni majira ya kusi pia, upepo utokao kusini. Juu mtoni upepo huo hauhisiwi sana, kwa kuwa kingo na miti huuzuia, lakini kadiri bonde linavyofunguka kuelekea bahari ndivyo unavyozidi, na alasiri huongezewa nguvu na upepo unaovuta kutoka baharini nchi inapopata joto.

Halafu kuna bahari yenyewe. Pwani ya Mtwara maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na siku za bamvua, yaani za maji makubwa karibu na mwezi mpevu na mwezi mwandamo, tofauti kati ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Nguvu hiyo haiishii ufukweni. Huingia mtoni, kwanza ikiupunguza mwendo wa mto, kisha ikiusimamisha, na karibu na mlango ikiurudisha nyuma. Kilambo, ambako watu huvuka kwenda Msumbiji, ni mahali ambapo jambo hili linajulikana na kila mtu. Pantoni ya hapo, katika miaka iliyokuwa ikifanya kazi, ilivuka kwa kufuata maji kujaa, kwa sababu yakipwa mafungu huifungia njia. Wenyeji hawakuulizana pantoni inaondoka saa ngapi. Waliulizana maji yanajaa lini.

Siku ya kisa ilikuwa ya nne baada ya mwezi mpevu. Bamvua lilikuwa limeanza kupungua, lakini maji yalikuwa bado makubwa. Katika pwani hii maji ya bamvua hujaa alasiri, karibu na saa kumi, na kila siku inayofuata huchelewa kwa kiasi cha robo tatu ya saa au zaidi kidogo. Kwa hiyo siku ile yalitarajiwa kufikia ukomo wa kujaa pwani karibu na saa kumi na mbili jioni, na ndani ya mto baadaye kidogo; yaani mchana kutwa, kuanzia saa saba hivi, mlango wa Ruvuma ungekuwa ukipokea maji ya bahari. Hesabu hii haihitaji kitabu wala chombo. Msafiri aliijua, kwa kuwa ameivulia samaki tangu utotoni. Hakuifanya kwa ajili ya siku ile, na sababu yake nitaieleza.

Ni lazima niseme pia kwamba mwaka 2012 safari ya namna hii ilikuwa na sura nyingine. Tangu mashambulizi ya wapiganaji wenye silaha yaanze Cabo Delgado, jimbo la Msumbiji lililo ng'ambo ya mto, mwezi Oktoba 2017, na hasa baada ya Kitaya yenyewe kushambuliwa Oktoba 2020, hakuna anayepaswa kuuchukulia mto huu wa mpakani kama mahali pa kutembea peke yake bila serikali za vijiji na vyombo vya ulinzi kujua. Nakichambua kisa kwa upande wa maji tu.

Asubuhi

Msafiri aliamka saa kumi na moja alfajiri kwenye fungu la mchanga upande wa Tanzania, juu ya Kilambo. Mahali pa kulala palikuwa pamechaguliwa vizuri. Fungu lilikuwa limeinuka juu ya maji, halikuwa na nyayo za viboko, na mtumbwi ulikuwa umevutwa juu kabisa na kufungwa kwenye kigingi, jambo ambalo mtu aliye peke yake hawezi kulifanyia uvivu, kwa sababu mtumbwi ukichukuliwa na maji usiku hakuna wa kuufuata.

Alikusudia kuondoka kunapopambazuka. Ukungu ulikuwa umelala mtoni hata ukingo wa pili hauonekani, naye akangoja mpaka saa mbili kasorobo. Nimewahi kuona wavuvi wakicheka wakisikia hili, kwa sababu wao huondoka na ukungu. Lakini mvuvi huondoka mahali anapopajua akielekea mahali anapopajua, tena mara nyingi wako wawili, mmoja omo, yaani mbele, akitazama na mwingine tezi, yaani nyuma, akiongoza. Msafiri hakuwa na macho ya omo. Tena saa ile ndiyo viboko wanayorudi majini. Kiboko hula majani nchi kavu usiku, mara nyingine mbali na mto, na asubuhi hurudi kwa njia ileile aliyotokea. Chombo kinachopita kwenye mdomo wa njia hiyo bila kuonekana huwa kimemkatia njia ya maji. Kungoja kulikuwa uamuzi sahihi, nako kulimgharimu karibu saa mbili.

Baada ya mwendo usiofika saa moja alikuta kundi. Mto unapopiga kona, maji ya kasi hukimbilia ukingo wa nje, huuchimba na kuacha kina. Upande wa ndani maji hupungua kasi na mchanga hutua. Viboko walikuwa kwenye kina cha nje, chini ya ukingo uliolika, na mkondo mkuu ulikuwa ukipita hapohapo walipolala. Alisimamisha mtumbwi kwenye maji ya magoti, akagonga ubavu wa gogo kwa mpini wa kafi, akangoja. Kiboko anaweza kukaa chini ya maji dakika 5 hivi, kwa hiyo vichwa vinavyoonekana katika dakika ya kwanza si vichwa vyote. Mngurumo wa gogo huwafanya wainuke kutazama. Aliona vichwa sita, kisha cha saba kikaibuka peke yake, mbali na wenzake na karibu naye kuliko alivyotarajia.

Hapo alikuwa na njia mbili. Angeweza kupita katikati kwa kasi akitegemea mkondo, kama wafanyavyo wengine na mara nyingi wakafaulu. Au angeweza kuwaachia kina na kupita upande wa ndani, kwenye maji mafupi, akijua kwamba mchanga unaweza kumkwamisha. Kiboko aliyeshtuka hukimbilia kina, na hatari kubwa humpata aliye kati yake na kina hicho. Anayepita upande wa maji mafupi, huku kina kikiwa nyuma ya mnyama, hajamfungia kimbilio lake. Msafiri alichagua upande wa ndani. Sioni la kumlaumu, na ninatilia mkazo jambo hili kwa sababu ndilo linalofuatwa na hasara iliyoonekana kama kosa.

Upande wa ndani ulimwingiza kwenye mkono wa mto uliozunguka nyuma ya kisiwa cha matete. Mwanzoni ulikuwa na maji ya kutosha, kisha ukagawanyika, kisha ukawa utandu wa maji juu ya mchanga. Aliyekaa mtumbwini hauoni mwisho wa mkono wa namna hiyo, kwa sababu macho yako karibu mno na usawa wa maji. Wakiwa wawili mmoja husimama, lakini mtu wa peke yake akisimama katika gogo jembamba huku hakuna wa kulishika, huenda akaona na akaanguka. Msafiri alishuka na kwenda kwa miguu kutazama, akarudi, akaamua kuvuta.

Aliuvuta kwa mita zipatazo 300. Palikuwa na njia fupi zaidi, mfereji uliopita pembeni ya kisiwa wenye maji ya kiunoni, ya rangi ya chai ya maziwa, ambayo yangebeba mtumbwi wenyewe na kumwacha atembee akiushikilia tu. Hakuuchukua. Mamba wa Ruvuma wanafahamika vya kutosha, na mtu aliyezama hadi kiunoni katika maji yasiyoonekana chini yuko mahali pabaya kuliko mtu anayekokota gogo juu ya mchanga ambao maji yake hayafiki vifundoni. Alipakua mzigo, akauvusha kwa awamu, akarudi kuvuta gogo tupu, akapakia upya. Alipoingia tena kwenye mkondo mkuu saa sita ilikuwa imekaribia.

Kwa hiyo, hadi hapo, msafiri alikuwa ameamua mara tatu, mara zote sahihi, na alikuwa nyuma ya mpango wake kwa zaidi ya saa tatu. Nilimuuliza mpango ule aliutengeneza vipi. Alijibu kwamba alichukua umbali uliobaki, akaugawa kwa mwendo aliokuwa akienda siku zilizotangulia, akaongeza saa moja ya kupumzika. Siku zilizotangulia mto ulikuwa umemsaidia kila saa, wala hakukutana na ukungu. Saa moja ya kupumzika ndiyo pekee iliyobeba mambo yote ambayo mto ungeweza kumfanyia, na ukungu peke yake ulikuwa umeimaliza kabla hajatia kafi majini.

Kilambo

Mwendo kutoka hapo hadi Kilambo haukuwa na la kusimulia isipokuwa upepo. Mtu mmoja hukaa tezi ili aongoze, uzito wake huinua omo, na omo iliyoinuka hushikwa na upepo wa ubavuni na kugeuzwa. Msafiri alitumia nguvu nyingi kurekebisha mwelekeo kabla ya kufanya alichopaswa kukifanya tangu alipopakia upya, yaani kuusogeza mchele, dumu la maji na sufuria mbele kabisa. Baada ya hapo mtumbwi ulitulia. Mikono haikupumzika.

Alifika Kilambo karibu na saa nane mchana, na hapa ndipo penye kiini cha kisa.

Aliona watu, vibanda, na mitumbwi ya kuvushia abiria. Aliona pia, kama alivyonieleza mwenyewe bila kuulizwa, kwamba mitumbwi iliyofungwa mtoni ilikuwa imeelekeza omo zake chini, upande wa bahari. Chombo kilichofungwa kwa omo na kuachwa majini hugeukia maji yanakotoka. Asubuhi mitumbwi ileile ingekuwa imetazama juu, kuelekea Kitaya. Maji yalikuwa yamekwisha kugeuka, na ushahidi ulikuwa umepangwa mbele yake kwa safu. Aliutazama, akausajili akilini kama sehemu ya mandhari, akapita.

Mvuvi mmoja wa umri mkubwa kuliko wake alimuuliza anakwenda wapi. Msafiri alimwamkia, akamtajia kijiji. Mazungumzo yaliyofuata yalikuwa mafupi.

"Leo?"

"Leo hii, mzee wangu. Nasubiriwa saa kumi."

"Maji yanajaa, mwanangu. Lala hapa, uondoke nayo asubuhi yakipwa."

"Nitajitahidi. Kuna mtu ananingoja."

Mzee hakubishana. Watu wa majini husema jambo mara moja.

Katika uchambuzi wa visa vya namna hii ni rahisi kuandika kwamba msafiri alipuuza ushauri, na kufunga faili. Nadhani hiyo ni njia ya kukwepa kazi. Msafiri hakuwa mjinga wa maji, wala hakumdharau mzee. Alikuwa amefungwa na ahadi aliyoitoa nchi kavu, kwa saa ya nchi kavu, na hakuwa na namna ya kuirekebisha, kwa kuwa simu yake, kama simu nyingi bondeni humo, ilikuwa ikidaka mtandao wa ng'ambo na kushindwa kupiga. Alijua rafiki yake akishindwa kumwona saa kumi ataanza kuhangaika, na kwamba kufikia magharibi kijiji kizima kitakuwa kinahangaika. Kwa macho yake, kulala Kilambo kulikuwa kuwatesa watu kwa makusudi ilhali mikono yake ingali na nguvu. Hii si sababu dhaifu. Mtu anayejali wenzake ndiye hasa anayesukumwa nayo, na ndiyo maana naiona kuwa hatari kuliko kiburi, ambacho angalau mwenyewe huweza kukitambua.

Jambo la pili lilikuwa upweke wenyewe. Wakiwa wawili mmoja angesema kwa sauti, "Saa tatu zimepotea, hatufiki," na mwingine angelazimika kujibu. Maneno yanayosemwa hupimwa. Msafiri alikuwa na hesabu hiyo kichwani, lakini haikupata kusemwa, na mbele ya mzee alisema ile sehemu tu iliyohusu kusubiriwa.

Lilikuwapo pia jambo la tatu, dogo, ambalo yeye mwenyewe hulitaja kwa kusitasita: baada ya kuuvuta mtumbwi asubuhi ile alihisi kwamba amekwisha kulipa. Siku ilikuwa imemchukulia chake, na sasa ilikuwa zamu ya mto kumsaidia.

Mikokoni

Chini ya Kilambo kingo hubadilika. Mchanga unapungua, matope yanaongezeka, na kadiri maji yanavyozidi kuwa ya chumvi ndivyo mikoko inavyotwaa pande zote mbili. Eneo hili la mlango liko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, na mikoko yake ni sehemu ya kinachohifadhiwa. Kwa mpiga kafi anayetafuta pa kushukia, mikoko ni ukuta. Maji yakipwa huonyesha matope ya magotini yaliyojaa mizizi. Yakijaa hufunika matope na mizizi, na mtumbwi huingia kati ya matawi bila kukuta ardhi. Juu ya Kilambo kosa la saa moja lilikuwa na fungu la mchanga la kulalia karibu kila baada ya kona. Chini ya Kilambo kosa lilelile halina mahali pa kuliweka.

Mpiga kafi mmoja katika mtumbwi wa gogo uliopakiwa, akiwa katika maji yaliyotulia, hawezi kwa muda mrefu kuzidi kilomita 4 au 5 kwa saa. Msafiri alikuwa na maji yanayopanda mbele yake na upepo juu yake, na upepo na maji vilikuwa vinatoka upande mmoja. Aliteua mti uliokufa ukingoni uwe alama. Baada ya muda aliokisia kuwa nusu saa mti ulikuwa bado ubavuni mwake. Alijaribu kujificha kwenye ukingo ambako maji huenda polepole, na kweli alipata nafuu, lakini matawi yalimnasa kafi na mara mbili yalimgeuza. Mawimbi mafupi yalikuwa yakirusha maji ndani, naye alilazimika kuacha kupiga kafi ili afue maji ngamani, chini ndani ya mtumbwi, na kila alipoacha mtumbwi ulirudi nyuma. Hapa upweke una gharama isiyo ya moyo hata kidogo: kazi mbili haziwezi kufanywa kwa mikono miwili.

Ilipofika saa kumi na nusu alishika tawi, akafunga kamba, akafikiri. Alikuwa na njia tatu.

Ya kwanza ilikuwa kuendelea. Maji yalikuwa na saa mbili na zaidi za kujaa, na mikono yake haikuwa na saa mbili. Ya pili ilikuwa kubaki amefunga hapo mpaka maji yasimame, kisha kushuka nayo yanapoanza kupwa. Njia hii inavutia, na nimewasikia watu wakisema ndiyo ambayo wangeichagua. Wanasahau saa. Maji yangesimama karibu na saa moja usiku, jua likiwa limetua kabla ya hapo, na mwezi wa siku ya nne baada ya kupevuka haungechomoza mpaka saa tatu usiku. Angeshuka gizani kwa maji yanayozidi kasi kuelekea mlango ambao hakuwahi kuuona kwa mtumbwi huo, ambako maji ya mto yanayotoka hukutana na mawimbi ya kusi yanayoingia, na mahali hapo hata mchana mawimbi husimama wima na kuvunjika. Kukosa kijiji chake gizani kungemaanisha kutupwa nje. Tena kati ya magharibi na saa moja viboko hutoka majini kwenda malishoni, naye angekuwa amefungwa kwenye ukingo wanaoutumia.

Ya tatu ilikuwa kugeuza mtumbwi na kuyaachia maji yampandishe. Ilimaanisha kupoteza kila mita aliyoipigania tangu saa nane, na kuonekana tena Kilambo na mzee yuleyule. Alichukua hii. Nilimuuliza kama aibu ilimchelewesha, akasema ilimchelewesha kwa muda wa kufungua fundo.

Katika kisa kizima uamuzi huu ndio ninaouheshimu zaidi, kwa sababu mtu aliyekwisha kutumia nguvu nyingi kwenye njia moja huwa mzito kuiacha kuliko mtu aliyeanza sasa hivi, na hakuna aliyekuwapo wa kumruhusu. Maji ambayo kwa saa mbili na nusu yalikuwa adui yakawa mbebaji. Hakufika Kilambo. Njiani aliona moshi nyuma ya mikoko, upande uleule wa Tanzania, akafuata kijito chembamba kilichokuwa kimejaa vya kutosha, akakuta dago, kambi ya muda ya wavuvi, juu ya tuta la mchanga. Alipiga hodi akiwa bado majini, akaitikiwa. Jua lilikuwa halijatua. Maji yangekuwa yanapwa saa ile, kijito kile kisingepitika, na moshi ungebaki kuwa moshi.

Wavuvi walimpa samaki na mahali pa kulala, wakamwambia la mzee kwa maneno mengine. Mmoja wao alikuwa na simu yenye laini ya upande wa pili wa mpaka. Hata hiyo haikumpata rafiki.

Aliondoka saa moja na nusu asubuhi, maji yalipoanza kupwa, kabla upepo haujaamka. Ule mti uliokufa aliupita bila kupiga kafi. Alifika kijijini kabla ya saa tatu, akitumia mikono kwa kuongoza tu.

Lililobaki linahusu nchi kavu. Rafiki alikuwa amengoja hadi giza, akaenda kwa mwenyekiti wa kijiji, na mwenyekiti, kwa nia njema kabisa, akawatuma vijana wawili na mtumbwi wapande mto kumtafuta. Walipita mbele ya kijito cha dago usiku, wakaita, wakasikia upepo. Walifika Kilambo, wakaambiwa kwamba msafiri alipita saa nane akielekea chini, na habari hiyo ikageuza wasiwasi kuwa msiba wa nusu usiku, kwa sababu mtu aliyepita Kilambo saa nane na hajaonekana mlangoni usiku hana mahali pengi pa kuwapo. Watu wawili zaidi waliwekwa mtoni gizani, saa ileile ambayo msafiri mwenyewe aliikataa kwa sababu nzuri.

Ahadi ya saa kumi, kwa hiyo, ilifanya kazi mara mbili: ilimpitisha msafiri Kilambo, kisha ikawatoa vijana wale majumbani mwao. Nilipomuuliza rafiki wangeagana vipi kama wangeanza upya, alitoa jibu ambalo nadhani lingebadili siku nzima tangu kwenye ukungu. Wasingetaja saa. Wangetaja maji: kwamba msafiri atafika na maji ya kupwa ya siku fulani, na akiyakosa hayo hatafutwi mpaka ya kesho yake yapwe na jua liwe juu, na anayengoja aje na cha kulalia.